Leonhard Euler na Namba Zisizogawanyika

Katika nchi ya Uswisi, ukingoni mwa mto Rhine, kuna mji wa kale uitwao Basel. Huko ndiko alikozaliwa Leonhard Euler, tarehe 15 Aprili 1707. Jina lake hutamkwa Oila. Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa kanisa, na alikuwa amejifunza hisabati kidogo alipokuwa chuoni. Mtoto alipoanza kupata fahamu, baba alimfundisha hesabu mwenyewe nyumbani, katika kijiji cha Riehen kilicho karibu na Basel. Baadaye alipelekwa mjini kusoma, akakaa kwa bibi yake. Shule aliyokwenda haikufundisha hisabati hata kidogo.

Mwaka 1720, akiwa na umri wa miaka 13, Leonhard aliingia katika Chuo Kikuu cha Basel. Usistaajabu sana, kwani zama zile vijana wengi waliingia chuo wakiwa wadogo. Baba yake alitaka awe mchungaji kama yeye. Lakini chuoni hapo alikuwapo mwalimu mmoja mashuhuri, Johann Bernoulli, mwanahisabati aliyejulikana Ulaya nzima. Mwalimu huyo hakuwa na nafasi ya kumfundisha kijana peke yake kila siku. Alimpa vitabu vigumu avisome mwenyewe, akamruhusu aje kwake kila Jumamosi alasiri kumwuliza yale yaliyomshinda. Euler alijitahidi wiki nzima ili Jumamosi awe na maswali machache. Haukupita muda mrefu, Bernoulli akatambua kuwa kijana huyu si wa kawaida, akamwendea mchungaji Paul na kumsihi amwachie mwanawe afuate hisabati. Baba akakubali.

Wakati huo katika Uswisi hapakuwa na kazi nyingi kwa wanahisabati. Huko Urusi, serikali ilikuwa imeanzisha Akademia ya Sayansi katika mji mpya wa St. Petersburg, na wataalamu walikuwa wakiitwa kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 1727 Euler, akiwa kijana wa miaka 20, alifunga safari ndefu kwa mashua, kwa gari la farasi na kwa meli, akafika St. Petersburg. Mwaka 1734 alimwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji kutoka Uswisi. Walizaa watoto 13, lakini 5 tu ndio waliovuka utoto. Wengine walifariki wangali wadogo sana, kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi za zama hizo.

Sasa tuache kidogo habari za safari na ndoa, tutazame kazi iliyomfanya akumbukwe na kila mtu apendaye namba.

Unajua kwamba namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa namba yenyewe. Namba 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni namba tasa. Namba 12 si tasa, maana 3 × 4 ni 12. Kwa namba ndogo kazi ni rahisi. Lakini namba 91 imewahadaa wengi. Haigawanyiki kwa 2, wala kwa 3, wala kwa 5, na mtu mvivu huishia hapo akasema ni tasa. Kumbe 7 × 13 ni 91.

Je, twende mpaka wapi katika kujaribu? Tuchukue 97. Jaribu 2, 3, 5 na 7. Zote zinaacha baki. Namba tasa inayofuata ni 11. Lakini 11 × 11 ni 121, nayo imekwisha ipita 97. Kama 97 ingekuwa na kigawo cha 11 au zaidi, kigawo mwenzake kingekuwa kidogo kuliko 11, nasi tungekwisha kukiona. Basi tunaacha hapo, na tunasema kwa hakika: 97 ni namba tasa. Kanuni hii ni fupi, lakini ishike vizuri, kwani bila hiyo huwezi kufahamu yale aliyoyafanya Euler.

Miaka mingi kabla ya Euler, katika nchi ya Ufaransa aliishi mwanasheria aitwaye Pierre de Fermat, aliyefariki mwaka 1665. Huyu alipenda namba kama wengine wanavyopenda muziki. Aliona jambo hili. Zidisha 2 kwa 2, upate 4. Zidisha 4 kwa 4, upate 16. Zidisha 16 kwa 16, upate 256. Zidisha 256 kwa 256, upate 65,536. Sasa ongeza 1 katika kila namba, ukianza na ile 2 ya mwanzo. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni namba tasa! Fermat aliamini kwamba ukiendelea hivyo bila kikomo utapata namba tasa daima. Hakuweza kuthibitisha, lakini aliamini.

Namba inayofuata katika safu hiyo hupatikana kwa kuzidisha 65,536 kwa 65,536 na kuongeza 1. Ni 4,294,967,297. Ni zaidi ya bilioni nne. Nani angethubutu kuikagua? Kipeuo chake cha pili ni zaidi ya 65,000, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya elfu sita. Miaka ikapita, na watu wakaridhika na neno la Fermat, kwa sababu Fermat alikuwa mtu wa kuheshimiwa.

Mwezi Desemba mwaka 1729 Euler alipata barua kutoka kwa rafiki yake, Christian Goldbach, aliyekuwa katibu wa Akademia. Mwishoni mwa barua Goldbach alimwuliza kama anajua habari ya madai hayo ya Fermat. Mwanzoni Euler hakulivalia njuga swali hilo. Baadaye lilimwingia, na mwaka 1732 akatoa jibu ambalo halikutazamiwa: namba 4,294,967,297 si tasa. Inagawanyika kwa 641.

Wewe pia unaweza kumkagua Euler leo, kwa kalamu na karatasi tu. Zidisha 6,700,417 kwa 641. Kwanza zidisha kwa 600, kisha kwa 40, kisha kwa 1, halafu ujumlishe:

6,700,417 × 600 = 4,020,250,200
6,700,417 × 40 = 268,016,680
6,700,417 × 1 = 6,700,417
Jumla = 4,294,967,297

Hesabu ya dakika tano inatosha kuangusha imani ya miaka karibu mia moja. Lakini 641 ilipatikanaje? Euler hakujaribu namba tasa zote moja baada ya nyingine. Katika maandishi aliyoyatoa baadaye, alionyesha kuwa namba tasa yoyote iwezayo kugawanya 4,294,967,297 lazima iache baki ya 1 ikigawanywa kwa 64. Sasa tazama jinsi kazi inavyopungua. Chukua 64 na uongeze 1: 65, nayo si tasa. Chukua 128 na uongeze 1: 129, ni 3 × 43, nayo si tasa. Halafu 193, hii ni tasa. Ukiendelea hivyo, namba tasa utakazozipata ni 193, 257, 449, 577 na 641. Ni ya tano! Badala ya kugawanya mara maelfu, ziligawanywa mara tano. Fermat mwenyewe angaliweza kufanya hivyo kwa siku moja. Kwa nini hakufanya, au kama alifanya akakosea, hatuwezi kumwuliza tena. Tangu wakati huo watu wamezikagua namba nyingine za safu ya Fermat zilizo kubwa zaidi, na baada ya zile tano za mwanzo haijapatikana hata moja iliyo tasa.

Euler hakushughulika na namba peke yake. Alichora ramani za Urusi, aliandika juu ya meli, mwanga, muziki, mwendo wa mwezi na nguvu za mashine. Kazi hizi zilimchosha. Mnamo mwaka 1738, baada ya kuugua, jicho lake la kulia likapofuka. Alikuwa na umri wa miaka 31 hivi. Aliendelea kusoma na kuandika kwa jicho moja.

Mwaka 1741 Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alimwita Berlin, na Euler akakaa huko miaka 25. Mfalme alipenda watu wenye maneno matamu na mzaha wa barazani, na Euler alikuwa mtu mpole, mcha Mungu, asiyejua kujipendekeza. Hawakupatana vizuri. Hata hivyo miaka ile ilizaa vitabu vingi. Kimoja chapasa kutajwa katika kitabu cha sayansi kama hiki. Kati ya mwaka 1760 na 1762 Euler alimwandikia binti mmoja wa ukoo wa kifalme barua zaidi ya mia mbili, akimweleza kwa lugha nyepesi kwa nini mbingu zina rangi ya buluu, sauti husafiri vipi, na maji ya bahari hujaa na kupwa kwa sababu gani. Barua hizo zikachapishwa na kusomwa Ulaya nzima.

Mwaka 1766 Malkia Catherine wa Pili wa Urusi alimwomba arudi St. Petersburg, naye akarudi akiwa na umri wa miaka 59. Hapo ndipo pigo kubwa lilipomfika. Jicho lake la kushoto, lile alilolitegemea, liliingia mtoto wa jicho. Kidogo kidogo giza likafunga. Mtu aliyezoea kusoma na kuandika kutwa nzima sasa hakuweza kusoma ukurasa wa kitabu. Aliona kivuli tu cha herufi kubwa zilizoandikwa kwa chaki kwenye kibao.

Wengi walidhani kazi yake imekwisha. Yeye hakudhani hivyo. Tangu utoto alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Shairi refu la Kilatini la Virgil alilijua lote kwa moyo. Sasa alianza kufanya hesabu kichwani na kuwasomea wengine waandike. Katika nyumba yake palikuwa na kijana mtumishi, aliyekuwa amejifunza kushona nguo kwa fundi, na hakujua hisabati zaidi ya kujumlisha na kutoa. Euler alimsomea kitabu kizima cha aljebra, neno kwa neno, na kijana akaandika. Inasimuliwa kwamba kitabu kilipokwisha, kijana alikuwa amekwisha kuielewa aljebra vizuri na aliweza kutatua maswali magumu. Kwangu mimi hakuna sifa ya kitabu cha shule iliyo kubwa kuliko hiyo.

Mwezi Mei mwaka 1771 moto mkubwa ulizuka St. Petersburg, ukateketeza mamia ya nyumba. Nyumba ya Euler ikashika moto naye yumo ndani, haoni pa kutokea. Mswisi mmoja, Peter Grimm, mwenyeji wa Basel kama yeye, aliingia katika moshi, akambeba mgongoni, akamtoa nje. Vitabu vyake na vyombo vya nyumbani viliungua. Sehemu kubwa ya maandishi yake iliokolewa. Mwaka huohuo daktari alimpasua jicho, akapata kuona tena. Furaha haikudumu. Jicho lilipata uchafu na maumivu makali, na baada ya muda mfupi giza likarudi, safari hii moja kwa moja.

Ni katika giza hilo, mwaka uliofuata, 1772, ndipo Euler alipotangaza habari za namba nyingine kubwa. Namba hiyo ni 2,147,483,647.

Tueleze ilikotoka. Andika 2 mara tano na uzizidishe zote: 2 × 2 × 2 × 2 × 2 ni 32. Ondoa 1, unabakiwa na 31, ambayo ni tasa. Ukiandika 2 mara saba, unapata 128. Ondoa 1, unabakiwa na 127, nayo ni tasa. Lakini njia hii si ya kuaminiwa daima. Andika 2 mara 11, unapata 2,048. Ondoa 1, ni 2,047, na hiyo ni 23 × 89. Ukiandika 2 mara 31, uzizidishe na kuondoa 1, unapata 2,147,483,647. Mtaliano Pietro Cataldi alidai katika kitabu cha mwaka 1603 kuwa namba hiyo ni tasa. Lakini Cataldi huyohuyo alidai hivyo pia kwa 2 zilizozidishwa mara 23, mara 29 na mara 37, na katika zote tatu amekosa. Ile ya mara 29 aliiangusha Euler mwenyewe: 536,870,911 ni 233 × 1,103 × 2,089. Kwa hiyo neno la Cataldi halikutosha. Ilibidi mtu akague.

Kumbuka kanuni tuliyoitumia kwa 97. Kwa 2,147,483,647 inatubidi tujaribu namba tasa zote mpaka 46,340, maana 46,341 × 46,341 inapita namba yetu. Namba tasa hizo ni zaidi ya 4,700. Hapa tena Euler aliutafuta mlango mwembamba. Alionyesha kuwa kama namba hiyo ina kigawo kilicho tasa, kigawo hicho kikigawanywa kwa 248 lazima kiache baki ya 1 au ya 63, na si nyingine yoyote. Namba za namna hiyo zilizo chini ya 46,340 hazifiki 400, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo hazina haja ya kujaribiwa. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Gawanya, utaona baki ni 35. Inayofuata ni 1,303. Gawanya, baki ni 226. Halafu 1,489, na kuendelea.

Fikiri kazi hiyo kwa mzee wa miaka 65 asiyeweza kuona tarakimu anazozigawanya. Kosa moja katika kugawanya lingeweza kuficha kigawo, na hukumu yote ingekuwa ya uongo. Zilijaribiwa zote mpaka mwisho. Hakuna hata moja iliyogawanya bila baki. Euler akaandika matokeo hayo katika barua kwa Johann Bernoulli wa Berlin. Huyu si yule mwalimu wa Jumamosi, aliyekuwa amekwisha kufariki mwaka 1748, bali ni mjukuu wake mwenye jina lile lile. Barua ikachapishwa, na dunia ikajua kwa hakika kuwa 2,147,483,647 ni namba tasa. Hakuna namba tasa iliyojulikana wakati huo iliyokuwa kubwa kuliko hiyo, na ilishika nafasi hiyo kwa zaidi ya miaka 70.

Namba hiyo ilileta nyingine pamoja nayo. Wagiriki wa kale waliita namba kamilifu ile namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Namba 6 ni kamilifu, kwa kuwa 1 + 2 + 3 ni 6. Namba 28 pia, kwa kuwa 1 + 2 + 4 + 7 + 14 ni 28. Kila namba tasa ya aina ile ya 31 na 127 huzaa namba kamilifu moja. Tangu 2,147,483,647 ilipothibitishwa, ilijulikana kuwa 2,305,843,008,139,952,128 ni namba kamilifu.

Mkewe Katharina alifariki mwaka 1773. Euler aliendelea na kazi, akisaidiwa na mwanawe Johann Albrecht na vijana wengine wa Akademia. Asubuhi ya tarehe 18 Septemba 1783 alimfundisha mjukuu wake hesabu. Kisha alipiga hesabu juu ya kupaa kwa maputo, kwani mwaka ule huko Ufaransa watu walikuwa wameanza kurusha maputo ya hewa ya moto. Baada ya chakula alizungumza na wenzake habari za sayari ya Uranus, iliyogunduliwa miaka miwili tu kabla. Jioni, akiwa na wajukuu, mshipa ulipasuka kichwani. Alifariki usiku huo akiwa na umri wa miaka 76. Maandishi aliyoyaacha ni zaidi ya 800, na karibu nusu yake yalitoka katika miaka ya upofu. Akademia iliendelea kuyachapisha kwa miaka mingi baada ya kifo chake.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba kamilifu ile iliyotokana na 2,147,483,647 huenda ikawa kubwa kuliko zote zitakazopata kugunduliwa, kwa kuwa namba za namna hiyo ni za kufurahisha tu wala hazina faida, na kwa hiyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Barlow hakuwajua wanadamu vizuri. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kuwa ukiandika 2 mara 127, uzizidishe na kuondoa 1, unapata namba tasa yenye tarakimu 39. Mwaka 1883, miaka mia moja baada ya kifo cha Euler, kasisi mmoja wa Urusi, Ivan Pervushin, alipata ile ya mara 61.

Siku hizi namba tasa kubwa hutumika kufunga siri za ujumbe unaopita baina ya kompyuta. Namba ya Euler, 2,147,483,647, nayo imeingia humo kwa njia nyingine: katika kompyuta nyingi, namba nzima inapowekwa katika nafasi 32, na nafasi moja ikatengwa kwa alama ya kujumlisha au kutoa, hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kuandikwa. Na wanaotafuta namba tasa hawajapumzika. Mwaka 2024 ilipatikana nyingine kwa kuzidisha 2 mara 136,279,841 na kuondoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Kama tungeichapa kwa kuweka tarakimu 2,000 katika kila ukurasa, tungehitaji kitabu cha kurasa zaidi ya 20,000.